Jino la Mama Mkwe

Mke wangu aliponiomba nimpeleke mama yake Lilongwe kung'olewa jino, nilipaswa kukataa. Nilikubali kabla hajamaliza kuomba. Ninyi vijana mnaoanza kazi ya ukalimani hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mnaokaa kwenye benchi la zahanati mkingoja kuitwa, mmeniomba niandike niliyojifunza. Mengi mtayaona madogo. Hilo la jino ndilo kubwa, nami nitalirudia, lakini bila yale madogo hamtaelewa mtu mwenye akili zake alifikaje pale.

Mimi ni mtu wa Uvira. Sekondari nilimaliza, Kifaransa kilinikaa vizuri, Kiingereza nilikiokota njiani, na Chichewa nilifundishwa na akina mama wanaouza nyanya, ambao hawamhurumii mtu anayekosea. Nilipofika kambini, watu wetu walikuwa wakienda kwa daktari na kuonyesha kwa kidole. Kwa jino, kidole kinasaidia nusu ya safari. Kinasema ni lipi. Hakisemi limeanza lini, wala kwamba umeshalitia tumbaku, mafuta ya taa na maji ya betri.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Deo, mwalimu wa zamani kutoka Bukavu, mtu aliyepiga pasi suruali hata siku za matope. Alianza na mahali pa kusimama. Simama nyuma kidogo ya bega la mgonjwa, aliniambia, ili mgonjwa na daktari watazamane wao, wewe ubaki sauti. Siku yangu ya kwanza nilitafsiri, "Yeye anasema anaumwa." Papa Deo alinivuta nje kwa mkono wa shati.

"We uko gazeti?" aliniuliza. "Gazeti njo inasemaga fulani alisema. We uko koo yake. Akisema mi naumwa, na we sema mi naumwa."

Nikatii. Mgonjwa aliyefuata alikuwa mwanamke, na mimi, na sharubu zangu, nikamwambia muuguzi kwamba nina mimba na kichefuchefu hakiniachi. Muuguzi alikohoa sana. Papa Deo hakucheka. Alisema nimeanza kuelewa.

Kanuni yake nyingine ilikuwa kwamba mkalimani haongezi na hapunguzi. Hiyo niliivunja wiki ileile. Kulikuwa na mzee mmoja wa Fizi ambaye jino lake lilikuwa na mizizi iliyopinda, na koleo liliporudi mara ya pili alisema nimwambie daktari kwamba mikono yake ni ya fundi wa pikipiki. Nilitafsiri kwamba mgonjwa anaomba twende polepole. Daktari alimshukuru kwa uvumilivu. Mara nyingine mchungaji aliuliza kama anaweza kuhubiri alasiri hiyo akiwa na ganzi nusu ya uso. Daktari alisema atajing'ata ulimi na hatajua mpaka jioni. Mimi nikamwambia mchungaji kwamba Bwana amempa mapumziko. Alipumzika. Miaka yote nimeongeza na kupunguza namna hiyo, kidogo kidogo, kama mpishi na chumvi, na hakuna aliyelalamika. Likumbukeni hili tutakapofika kliniki ya Kawale, kwenye lile jino.

Sasa kuhusu meno, kwa kuwa wengi wenu mnakimbia chumba kile. Kabla daktari hajashika koleo, mwambie mgonjwa hivi: kusukumwa utasikia, kuumwa hutasikia. Ganzi inaua maumivu, haiui nguvu ya mkono. Mtu asiyeambiwa hayo akisikia taya linasukumwa anadhani ndiyo maumivu yenyewe yameanza, anaruka, na koleo linashika jino lisilo na kosa.

Jino likishatoka, kazi ya daktari imekwisha na yako ndiyo imeanza. Mgonjwa anapewa pamba aing'ate. Aing'ate kweli, afunge mdomo, asiwasimulie watu wa benchi. Watu wetu wanaamini damu mbaya lazima itoke yote, kwa hiyo wanatema kuanzia mlangoni mpaka barabarani. Waeleze kwamba ile damu inayoganda ndani ya shimo ni kifuniko. Chini yake nyama inajijenga. Ukitema kwa nguvu, ukinyonya soda kwa mrija, ukisukutua siku hiyohiyo, kifuniko kinang'oka na mfupa unabaki uchi. Nimewaona waliofikia hapo. Wanalitamani lile jino bovu lirudi. Maji ya chumvi ya uvuguvugu yaanze kesho yake, nayo yazungushwe taratibu, yaachwe yadondoke yenyewe. Uji uwe umepoa. Nsima, ugali wa hapa, ingoje. Tumbaku na kachasu, ile pombe kali, ni marufuku, na kwa hili msitumie heshima, semeni jina la kitu. Na asifanye kazi nzito: kijana mmoja wa kabaza alitoka kwenye kiti cha meno akapakia mteja na gunia lake kwenye baiskeli, akapanda nalo mlima, akarudi kwetu na shati jekundu upande mmoja.

Zaidi ya yote, mwambie lini arudi. Maumivu yanapaswa kupungua kila siku. Yakipanda badala ya kushuka, uvimbe ukiongezeka, homa ikija au mdomo ukinuka, arudi siku hiyo, asingoje ibada ya Jumapili. Maneno haya nimeyatafsiri mara nyingi hata naweza kuyasema usingizini, na mke wangu anasema nayasema kweli.

Nimefika kwa mama mkwe.

Wengi wenu mmezaliwa hapa, na huenda ukwe wa kwetu mmeusikia kama hadithi. Mama mkwe wangu alikuwa hajawahi kula mbele yangu. Tangu nilipooa mpaka siku ile, sikuwahi kumwona akipiga hata mwayo. Nikiingia anapokula, anafunika sahani kwa kitenge na mimi natoka kinyumenyume. Hatukuitana majina. Tulipolazimika kusemezana, kila mmoja alimwambia ukuta, tena hakusema mimi wala wewe, alisema mtu. Mtu amesikia mvua imeingia ndani? Mtu amesikia. Ndivyo tulivyoishi, nyumba yake nyuma ya yetu, kwa amani kubwa. Kanisani alikuwa mama wa maombi. Sauti yake ndiyo niliyoijua. Mdomo wake sikuujua.

Jino lake la nyuma, la chini, lilianza mvua za kwanza. Akalifunga kitambaa, akaliombea, akaliwekea karafuu. Zahanati ya kambi ikasema limekaa vibaya, aende kliniki ya meno Lilongwe. Wakati huo binti yetu Riziki ndiyo kwanza amejifungua, mke wangu hatoki ndani. Katika wakalimani wetu kulikuwa na mwanamke mmoja tu, Espérance, dada mdogo wa Kirundi mwenye Chichewa safi kuliko changu, naye alikuwa amesafiri kwa ndugu zake mbali na angerudi wiki iliyofuata. Ningeweza kusema tumngoje. Mama mkwe mwenyewe alituma ujumbe kwamba mtu anaweza kungoja. Lakini mke wangu alikuwa amechoka kusikia mama yake akiugua nyuma ya ukuta.

"Mama halale tena," aliniambia. "Na bote banasema we njo mukalimani mukubwa. Umupeleke."

Hilo neno mkubwa lilifanya kazi. Nikasema tutaondoka asubuhi. Tulipokuwa mlangoni, mke wangu akanishika mkono.

"Usisahau kubaambia juu ya ile sukari yake."

Nikasema nimesikia. Mama mkwe alikuwa na ugonjwa wa sukari na vidonge alivifunga kwenye pindo la kitenge. Kitabu chake cha afya kiliharibiwa na mvua pale paa lilipovuja, akapewa kipya, na kipya kilikuwa cheupe kama cha mtoto mchanga. Kwa hiyo sukari hiyo ilikuwa kwenye vidonge, kwenye kichwa cha mke wangu, na sasa kwenye changu.

Kliniki ilikuwa Kawale, chumba kidogo nyuma ya maduka, kiti kimoja, taa moja na pazia. Daktari alikuwa mama wa Kimalawi mpole, ambaye kila mtu alimwita Adokotala. Alimketisha mama mkwe, akavuta taa, akaniambia nisimame karibu nimwambie afungue mdomo.

Nilisimama mahali Papa Deo alipofundisha, nyuma ya bega. Kisha nikaona kwamba kutoka pale nitauona mdomo wake. Nikageuka. Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya mtoto anayepiga mswaki, na kuanzia hapo nilitafsiri kwa mtoto yule.

"Mtu anaombwa afungue mdomo," nikamwambia mtoto.

"Mutu ameshafungua kidogo," mama mkwe akajibu kutoka chini ya kitenge.

Adokotala aliniuliza kwa Kiingereza nazungumza na nani. Nikasema na mgonjwa. Akatazama picha, akanitazama mimi, akaniuliza kama na mimi nina tatizo la meno.

Halafu yakaja maswali. Anatumia dawa yoyote? Hapana. Presha? Hapana. Moyo? Hapana. Majibu ya mama mkwe yalikuja kabla sijamaliza kuuliza, kama mtu anayefunga milango ya nyumba wakati wageni bado wako njiani. Adokotala alikuwa mwangalifu. Alipofika kwenye sukari hakuishia kwenye jina. Aliuliza kama mama anasikia kiu kisichoisha, kama anaamka mara kwa mara kwenda kukojoa.

Fikirini mnaambiwa mumwulize mama mkwe wenu habari za mkojo.

"Mtu anaulizwa," niliuambia ukuta, "kama ana sukari, na kama anatoka sana nje."

Nikasikia kitenge kikivutwa.

"Mutu hana kitu," akasema. "Atoshe jino yake tu, twende."

Nikatafsiri: hapana, sina ugonjwa wowote, toa jino twende. Ilikuwa tafsiri sahihi. Sikuongeza, sikupunguza. Adokotala aliniuliza kama hayo ndiyo yote aliyosema.

"Ndiyo yote," nikamjibu.

Mimi niliyegeuza tusi la fundi wa pikipiki kuwa ombi la kwenda polepole, niliyempa mchungaji mapumziko kutoka mbinguni, siku ile ndiyo nilikumbuka kanuni ya Papa Deo. Ningesema sentensi moja ya kwangu kwa Kiingereza, ambacho mama mkwe hakukielewa hata neno. Angebaki na heshima yake na mimi yangu. Lakini kuutaja mwili wake mbele ya mgeni, yeye akiwa amekwisha kusema hana kitu, ilikuwa kama kumvua kitenge. Ukwe uliniambia nyamaza, na kazi ikaniambia vilevile nyamaza, nami nikafurahi kwamba wakubwa zangu wawili wamekubaliana.

Sindano ikaingia. Adokotala akaniambia nimshike mgonjwa mkono ili asiogope. Hilo halikuwezekana. Mama mkwe ndiye aliyepata njia: alirusha pindo la kitenge nyuma ya kiti, akashika ncha moja na mimi nikashika nyingine, nikiwa bado natazama ukutani. Koleo lilipovuta, kitenge kilivuta. Kisha nikagongwa begani, nikageuka bila kufikiri, na Adokotala akaniwekea mkononi jino lenyewe, limefungwa kwenye karatasi, kwa sababu watu wetu huwa wanaliomba. Nilisafiri na jino la mama mkwe wangu katika mfuko wa shati mpaka Dzaleka. Yeye alikaa kiti cha mbele kabisa, mimi cha nyuma kabisa, na sikuweza kuamua kama kukohoa ni adabu.

Nyumbani nilimpa mke wangu karatasi ile na maelekezo yote: pamba, kutotema, uji uliopoa, chumvi kesho. Alisikiliza vizuri. Kisha akauliza.

"Na sukari, ulibaambia?"

"Banajua," nikasema.

Neno moja, na hilo halikuwa tafsiri ya mtu. Lilikuwa langu.

Kwa kuwa banajua, mke wangu hakuwa na wasiwasi. Uvimbe ulipokuja alisema wale walijua sukari yake, wangesema kama kuna hatari. Maumivu yalipopanda alisema mwili wa mzee unachelewa. Mimi nilikuwa naenda zahanati kila asubuhi kuwaambia watu wengine kwamba uvimbe ukiongezeka warudi siku hiyohiyo. Jioni nilimsikia mama mkwe kupitia ukutani akiomba kwa sauti iliyokuwa inazidi kuwa nzito, na kuingia kumtazama nisingeweza. Ningeweza kumwambia mke wangu. Kila siku iliyopita ilifanya jambo hilo kuwa gumu zaidi, na mimi nilingoja siku ambayo lingekuwa rahisi.

Homa ilipomwangusha, tulimpeleka hospitali Lilongwe, mke wangu akiwa amemwegemeza kifuani. Aliyetupokea alikuwa daktari kijana, mkali, ambaye alimpima sukari kabla ya kitu kingine, akapiga simu Kawale, kisha akatuita mimi na mke wangu pembeni. Mkalimani wa pale hakuwepo. Nikasema mimi ni mkalimani.

Daktari alisema ugonjwa umeingia kwenye mfupa wa taya, kwamba kwa mtu mwenye sukari jambo hili linajulikana, na kwamba kama wangejua, angepewa dawa mapema na kufuatiliwa. Kwa nini hamkumwambia daktari wa meno? Nikamtafsiria mke wangu.

"Umuambie tulisema," mke wangu akajibu. "Bwana yangu alibaambia."

Nikatafsiri: tulisema, mume wangu aliwaambia. Daktari akasema amezungumza na Kawale sasa hivi, na daktari wa pale anakumbuka vizuri aliuliza swali la sukari, na mkalimani akajibu hapana. Nikasimama hapo na sentensi hiyo mdomoni. Papa Deo alikuwa ameshafariki, lakini nilimsikia. Nikamwambia mke wangu, kwa Kiswahili, neno kwa neno: daktari wa Kawale anakumbuka vizuri aliuliza swali la sukari, na mkalimani akajibu hapana.

Mke wangu hakuniangalia. Alimwangalia daktari. Daktari akauliza huyo mume yuko wapi, maana angependa kuzungumza naye.

"Ni mimi," nikasema.

Nadhani hiyo ndiyo tafsiri bora niliyowahi kufanya.

Mama mkwe hakufa. Walimpasua, wakakwangua mfupa, wakatoa kipande. Alirudi nyumbani baada ya kukaa hospitali muda mrefu, taya limeinama upande mmoja, na maneno yake yakawa hayatoki sawasawa. Maombi ya kanisani aliacha. Nyumbani alielewa maneno yake mke wangu peke yake, akawa anawatafsiria wajukuu. Na mimi alinisamehe, nadhani. Hatungeweza kulizungumza, kwa sababu lilikuwa jambo la mdomo wake. Ila asubuhi moja aliuambia ukuta kitu, nikamwita mke wangu aniambie ni nini. Alikuwa amesema mtu asiache kula kwa ajili ya jino la mtu mwingine. Nilikuwa nimekonda kweli.

Siku hizi mnatafsiri kwa simu, mgonjwa yuko Dowa na mkalimani yuko Area 49, mjini Lilongwe, anapika. Huenda ni bora. Simu haina mkwe. Lakini mkiitwa kumsemea mtu ambaye aibu yake ni aibu yenu pia, mama mkwe, baba, binti yako, kataeni. Semeni hamwezi. Mtaonekana wadogo kwa asubuhi moja. Na kama hakuna mwingine, mkaingia, mkasikia jibu ambalo mnajua si kweli, mwambieni daktari kwamba sasa mnasema kwa kinywa chenu wenyewe, halafu mseme.

Mke wangu hakugombana nami. Alisema mara moja tu, akiwa anapepeta mchele, "Ulisema banajua." Kisha akajiunga na darasa la Chichewa la akina mama, pale kanisani, akiwa bibi wa wajukuu. Alikuwa akirudia maneno kwa sauti akifua. Nilijitolea kumsaidia na akasema zikomo, asante, ana mwalimu.

Mwaka huu alianza kuumwa kifua. Nilimsindikiza Lilongwe, nikavaa koti langu la kazi bila kufikiri. Jina lake lilipoitwa nikasimama naye. Muuguzi mlangoni akamwuliza kwa Chichewa kama huyu ni mkalimani wake.

"Ayi," mke wangu akajibu. "Ndi amuna anga. Adikira panja."

Hapana. Ni mume wangu. Atangoja nje. Chichewa chake kilikuwa kizuri, hata lafudhi.

Nikakaa kwenye benchi. Alipotoka alisema amepewa dawa na ataitwa tena, na hakusema zaidi, nami sikuuliza. Nimewasemea watu wa kambi hii kwa madaktari kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Jino lile la Kawale limenigharimu hili: mke wangu anaumwa, na mimi sijui anaumwa nini.